Mtoto wa mikono isiyotulia: namna wazee wetu wa Kasongo na Kabambare walivyomlea

Kila mmoja wetu yuko na mtoto wa namna hii nyumbani kwake, ao kwa jirani. Akiona radio imelala mezani, anaifungua. Akiona kinga ya baba imeegemea ukuta, anazungusha pedali mpaka mnyororo unatoka. Akitumwa maji kwenye kijito, anarudi saa nzima baadaye na ndoo tupu, lakini kule ameacha gurudumu la vijiti linalozungushwa na maji. Mama anapiga kelele, baba anatafuta fimbo, na jirani anasema: « Huyu mutoto iko na shetani ya mikono. »

Katika makala haya tunataka kueleza namna wazee wetu wa Maniema ya kusini walivyomlea mtoto huyo, na namna malezi yale yalivyopotea kidogo kidogo. Hatuandiki kama watu wasio na kosa. Sisi ni mwalimu wa sekondari, tena wa historia, na tutaanza na kosa letu wenyewe.

Gari la waya

Miaka iliyopita, katika shule moja ya huku kwetu, tulikuwa na mwanafunzi wa mwaka wa pili ambaye hakuweza kutulia. Siku moja, katikati ya somo, tulisikia chini ya meza yake sauti ya chuma. Alikuwa ameleta lori la waya, lenye usukani, chemchemi chini ya bodi, na magurudumu aliyoyakata katika kandambili kuukuu. Tulilichukua, tukaliweka chini mbele ya darasa, tukalikanyaga. Wanafunzi walicheka. Yeye hakulia, aliangalia tu. Tukaendelea na somo. Somo lenyewe lilikuwa juu ya ufundi wa zamani katika Maniema, na hatukuona aibu yoyote.

Juma lililofuata babu yake alikuja shuleni. Alikuwa mzee aliyefua chuma katika ujana wake. Tulimpa kiti, tukafikiri amekuja kugombana.

« Mwalimu », alisema, « mimi sikuja na kesi. Nimekuja kuuliza tu: ile gari ya mutoto ilikuwa na kosa wapi? »

Tukamjibu: « Babu, gari haikuwa na kosa. Mtoto ndiye aliyekosa, alikuwa anacheza saa ya masomo. »

Mzee akanyamaza, kisha akasema: « Basi ungeazibu mutoto, ungeacha kazi yake. Kwetu, kazi ya mukono inavunjwa na fundi peke yake, na akivunja anaonyesha kosa. Ukivunja kitu chenye hakina kosa, mutoto atajifunza nini? »

Hatukuwa na jibu. Lakini maneno yale yalitusukuma kutafuta. Tulianza kuuliza wazee wa Kasongo na wa Kabambare, Waislamu na Wakristo, na kuyalinganisha maneno yao na yale yaliyoandikwa na wasafiri waliopita huku. Tunayoandika hapa ndiyo matunda ya kuuliza kule.

Zamani: kazi ndogo, lakini ya kweli

Mwaka 1874 Mwingereza Verney Lovett Cameron alipita katika Manyema akielekea Nyangwe. Katika kitabu chake alieleza matanuru ya kuyeyushia chuma aliyoyaona katika vijiji vya huku. Kabla yake David Livingstone alisifu nyumba za Manyema zilizopangwa kwa safu, na nguo za rafia ambazo watu walizifuma wenyewe. Haya tunayakumbusha kwa sababu vijana wengi wanadhani ufundi ulikuja huku pamoja na Mzungu. Jembe, mkuki, shoka, kisu na nguo vilitengenezwa hapa.

Na kila kazi kati ya hizi ilikuwa na mlango wa mtoto. Kwenye chuma, mlango ulikuwa mvukuto. Wasemaji wa Kiswahili wana methali: mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Wengi wanaitumia kwa kusema kwamba mtoto hufuata mzazi. Lakini wazee waliofua chuma wanaisikia kwa namna nyingine: mtoto asiyeweza bado kushika nyundo anapewa mvukuto, na mvukuto si mchezo. Akiacha kuvukuta, moto unapoa na kazi ya wakubwa inaharibika. Mtoto mwenye nguvu nyingi, yule anayesumbua nyumbani, ndiye aliyefaa pale. Alimaliza nguvu zake kwenye upepo, na macho yake yalikuwa karibu na mikono ya fundi kutwa nzima.

Kwenye rafia ilikuwa vile vile. Mtoto alitumwa kuleta majani machanga, akachana nyuzi, akazipanga kwa urefu, kisha siku moja akaruhusiwa kukaa mbele ya mtande. Kandokando ya Lualaba, Wagenia walijulikana kwa uvuvi, mitumbwi na vyungu, na wanawake wao walipeleka vyungu na samaki kwenye soko kubwa la Nyangwe. Msichana alianza kwa kuleta udongo na kuutwanga, akaokota mawe madogo ndani yake, kwa maana jiwe moja likibaki chungu kinapasuka motoni. Mtoto yule alijua matokeo ya kazi yake bila kuhubiriwa: chungu kilisema chenyewe.

Huko Kabambare, Wabuyu walichonga sanamu za mababu katika mti. Nyingi za sanamu zile leo ziko katika majumba ya makumbusho ya Ulaya, kama lile la Tervuren kule Ubelgiji. Watu wanazitazama nyuma ya kioo na kusifu mkono wa msanii. Lakini mkono ule haukuzaliwa umejua. Kulikuwa na mtoto aliyekaa chini karibu na mchongaji, akaokota vipande vilivyoanguka, akavichonga kwa kisu kidogo.

Tukikusanya maneno ya wazee, tunaona kanuni moja. Mtoto wa mikono hakuachwa kufanya yote anayotaka, wala hakufungwa. Alipewa kazi ndogo, lakini ya kweli: upinde mdogo unaopiga kweli, mgono mdogo unaokamata samaki kweli, jembe dogo lenye shamba lake dogo. Alipewa pia mtu mzima wa kukaa karibu naye. Na alipokosa, alionyeshwa kosa kwenye kitu chenyewe.

Tusipambe mambo kupita kiasi. Ufundi wa chuma ulikuwa na siri zake, na si kila mtoto aliyeruhusiwa kuukaribia. Msichana mwenye kupenda moto na nyundo hakuwa na nafasi kwenye tanuru. Wako mafundi waliowapiga wanafunzi wao bila huruma. Malezi yale yalikuwa na mipaka, lakini yalijua jambo moja ambalo sisi tumelisahau: mikono isiyotulia inatafuta mwalimu.

Wakati wa Wangwana

Katika miaka ya 1870, Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, alifanya Kasongo kuwa mji wake mkubwa. Pamoja na misafara ya kutoka pwani kulikuja mpunga, miti ya matunda, msumeno, randa, misumari, sindano ya kushonea kanzu na kofia. Lugha tunayoandika hapa ilikuja kwa njia ile ile, na pamoja nayo neno « fundi ».

Mji huo, ambao mabaki yake yako Tongoni, ulitekwa na majeshi ya Dhanis tarehe 22 Aprili 1893. Daktari Sidney Hinde, aliyekuwa pamoja na majeshi hayo, aliandika kwa mshangao juu ya vitanda vya kuchongwa, magodoro ya hariri na bustani ya michungwa aliyoikuta. Nani alivichonga vitanda vile? Msemeno na randa vilitoka pwani, lakini mikono mingi ilikuwa ya vijana wa huku. Hapa lazima tuseme ukweli wote: wengi wao walikuwa watumwa, waliochukuliwa katika vijiji vilivyochomwa. Tarehe 15 Julai 1871 Livingstone mwenyewe aliona watu wakiuawa kwa bunduki sokoni Nyangwe. Kwa hiyo ufundi wa Kasongo una jasho na damu ndani yake. Mtoto aliyejifunza useremala pale hakuchagua kila mara fundi wake.

Hata hivyo kuna jambo la kufundisha katika wakati ule. Kwenye chuo cha Kurani mtoto alikuwa na ubao wa mti. Kwake kalamu na ubao vilikuwa vitu vya kutengenezwa kwa mkono, kwa mwanzi na kwa mti, sawasawa na jembe. Na Livingstone, aliyekaa miezi mingi Bambare, upande wa Kabambare, kati ya 1870 na 1871 akiuguza vidonda vya miguu, aliishiwa karatasi na wino. Alifanya nini? Alitengeneza wino wa mmea wa huku, akaandika juu ya gazeti la zamani, mistari yake ikikatiza mistari iliyochapwa. Kurasa zile zilififia sana, mpaka wataalamu wakazipiga picha kwa mianga ya pekee na kuzisoma upya katika mwaka 2011. Daktari mzima, mwenye jina duniani, alifanya sawa vile mtoto wetu anavyofanya: alikosa kitu, akaangalia kilichoko karibu, akatengeneza.

Namna kalamu ilivyoachana na nyundo

Tarehe 26 Mei 1906 Dola Huru la Kongo lilifanya mkataba na Vatikani. Misheni zilipewa ardhi, nazo zikapaswa kufungua shule. Mkataba wenyewe ulitaja mafundisho ya kilimo na ya kazi za mikono. Kwa hiyo si kweli kusema kwamba shule ya misheni haikujua randa wala cherehani. Maseremala na waashi wengi wa kwanza wa mji mpya walitoka huko.

Tatizo lilikuwa mahali pengine. Kwanza, wazazi wengi Waislamu wa Kasongo waliogopa kwamba mtoto akiingia shule ya misheni atabatizwa, wakamzuia. Watoto wale walibaki na chuo cha Kurani, wakawa washonaji, wavuvi, wachuuzi. Hivyo katika mji mmoja tukapata watoto wawili: mmoja wa kalamu bila cherehani, mwingine wa cherehani bila kalamu ya Kifaransa. Mpaka leo familia fulani zinakumbuka uchungu ule.

Pili, kazi ya mikono ilichukua sura ya lazima. Reli ya Kongolo mpaka Kindu ilipomalizika mwaka 1911, majembe na vitambaa vya dukani vilifika kwa wingi, na matanuru yakazimika moja baada ya lingine. Tangu 1917 kilimo cha pamba kilifanywa lazima, na Maniema ilikuwa kati ya sehemu za kwanza kulazimishwa. Watu waliokuwa wanafuma nguo zao za rafia sasa walilima pamba, wakaiuza kwa bei ya mnunuzi, kisha wakanunua kitambaa. Mtande ukabaki bila mtu, na mtoto aliyekaa kando yake akakosa mahali pa kukaa.

Tatu, diploma ilitoa nafasi ya karani, na karani alivaa viatu. Mzazi mwenye akili aliona wazi: anayeshika kalamu anaita, anayeshika jembe anaitwa. Tena shuleni kwenyewe, kazi ya mikono ikawa adhabu. Mwanafunzi akichelewa, anakata majani. Akigombana, anachimba choo. Hivi bado tunafanya, na sisi wenyewe tumefanya. Kisha tunashangaa kwa nini kijana mwenye diploma anaona haya kushika panga.

Tulipokuwa chuo cha ualimu tulifundishwa habari za Mbelgiji Ovide Decroly, aliyefungua shule yake Brussels mwaka 1907. Alitaka mtoto ajifunze kwa yale yanayomgusa, kwa kuangalia, kupima na kutengeneza. Tuliandika yote daftarini, tukapata alama nzuri. Mwaka uliofuata, 1908, Ubelgiji ilichukua Kongo kuwa koloni yake, lakini shule ya Decroly haikupanda meli kuja huku. La ajabu zaidi ni kwamba hakuna kati yetu, wanachuo wa Maniema, aliyeinua mkono kusema: « Mwalimu, babu yangu alikuwa anafanya hivyo kwenye mvukuto. »

Vita na mashimo ya dhahabu

Vita ya 1998 mpaka 2003 ilituonyesha thamani ya mikono kwa namna ya kuumiza. Treni ziliacha kufika Kindu mpaka 2004. Barabara zilifungwa, maduka yakabaki na rafu tupu. Ni nani aliyeshika mji? Ni watengenezaji. Sabuni ilipikwa kwa mafuta ya mawese na maji ya majivu. Taa zilitoka katika makopo ya nyanya. Kinga zilibebeshwa mizigo ya kupita nguvu za chuma, na kipande kilichovunjika kilibadilishwa kwa mti. Watoto wa mikono, wale wale tuliowaita wakorofi, walikuwa wanachemsha mawe ya radio yaliyokufa ili radio iseme tena jioni, wazazi wasikie habari.

Lakini vita ilikuwa na macho pia. Makundi yenye silaha yaliwaona watoto wale mapema kuliko sisi walimu. Mtoto mwepesi, asiyeogopa, anayejua kufungua na kufunga chuma, ni kadogo mzuri kwa mkubwa wa vita. Wangapi walianza na bunduki ya mti waliyoichonga wenyewe, wakamaliza na bunduki ya kweli? Kila kijiji cha Kabambare kinajua majina yake. Hatuyaandiki hapa.

Baada ya bunduki lilikuja shimo. Upande wa Salamabila, kwenye dhahabu ya Namoya, watoto wanatwanga mawe, wanabeba mchanga, wanaosha. Sheria ya 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kazi ya namna ile. Sheria ni nzuri, lakini shimo lina kitu ambacho darasa letu halina: pale mtoto anapewa kitu cha kufanya kwa mikono yake, na jioni anaona matokeo. Shimo linamkaribisha kwa mlango ule ule wa mvukuto, ila ndani hakuna fundi wa kumwonyesha kosa. Kosa la kwanza udongo unaanguka.

Mwanafunzi wetu wa gari la waya alikwenda huko. Baada ya babu kuja, tulimwita tukamwomba atengeneze gari lingine, tukamwahidi kuliweka juu ya kabati la darasa. Alijibu kwa heshima: « Ndiyo, Mwalimu. » Hakulitengeneza. Mwisho wa mwaka ulipofika, kiti chake kilikuwa tupu. Rafiki zake walisema amefuata kaka zake Salamabila. Hatusemi kwamba gari lile peke yake lilimfukuza, kwani kulikuwa pia na karo na njaa. Lakini siku ile alipotuangalia bila kulia, tulimwonyesha kwamba hapa masomoni mikono yake haina kazi.

Tufanye nini?

Hatuwezi kurudisha matanuru ya 1874, wala hatutaki kurudisha utumwa wa 1890. Tunaweza kuchukua kanuni ya wazee na kuivalisha nguo za leo.

Wazazi, msimpige mtoto kwa sababu amefungua radio. Mwombeni airudishe kama ilivyokuwa, mkikaa karibu. Ikishindikana, mpelekeni kwa mtengenezaji wa radio siku ya mapumziko, akafagie na kuangalia. Mpeni zana ndogo zinazokata kweli na mfundishe namna ya kuzishika. Msimtoe shuleni ili ashike ufundi, wala msimtoe kwenye ufundi ili ashike shule. Asubuhi kalamu, mchana nyundo. Na wasichana wasisahauliwe: yule anayesuka nywele za wenzake kwa michoro ambayo hakuna aliyemfundisha, anafanya hesabu kwa vidole.

Mafundi wa soko la Kasongo na la Kabambare, washonaji, maseremala, watengenezaji wa kinga na pikipiki, ninyi ni walimu bila ubao. Mkimpokea mtoto, msimfanye mtumishi wa kuchota maji tu mwaka mzima. Mwonyesheni kosa.

Walimu wenzetu na waprefe, tuache kuifanya kazi ya mikono kuwa adhabu. Sisi katika darasa letu sasa tumeweka saa moja kila Alhamisi. Kila mwanafunzi analeta kitu alichotengeneza: mtego, kikapu, taa, mpira, gari. Anaeleza jina la kila kipande, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, na nani alimfundisha. Wenzake wanaruhusiwa kuuliza swali moja tu, lile la babu: kosa liko wapi? Mwanzoni walicheka. Leo wanapima, wanahesabu meno ya gurudumu, wanabishana juu ya uzito. Somo la fizikia limepata wasikilizaji ambao halikuwa nao.

Mwisho, tunawaomba wanachama na wasomaji wa kijitabu hiki jambo moja rahisi. Wazee waliofua chuma na kufuma rafia wamebaki wachache sana. Nendeni kwao pamoja na watoto wenu, hasa yule mkorofi. Andikeni majina ya zana katika lugha zetu, Kibangubangu, Kizimba, Kikusu, Kigenia, Kibuyu, kabla hayajazikwa. Babu wa mwanafunzi wetu amekwisha kufa. Nyundo yake iko kwa binti yake, na tuliambiwa kwamba wajukuu wanaitumia kuvunja mawese. Tulimwomba aitunze mpaka kijana arudi.